Tope la Nasinkoi

Wanaosema mwanamke hachimbi kisima waje Kwedizinga wamwone Nasinkoi. Miaka kumi na mitano yumo mashimoni. Utotoni alichunga ng'ombe na baba yake, na huko ndiko alikojifunza kufukua korongo kavu mpaka maji yatoke. Mimi Hamisa ni jirani yake, mkulima wa mahindi, na kisima changu kanichimbia yeye, kwa hiyo msitegemee niongee bila upendeleo.

Anachofuata ni rangi. Tope likigeuka kijani cha kuelekea bluu, anajua maji hayako mbali. Lakini rangi hiyo haikai. Jembe likishalifunua, nenda kanywe chai, ukirudi utakuta limekuwa rangi ya kutu. Alimweleza yote hayo Upendo, binti mtafiti wa udongo aliyetoka Dar. Upendo akachota tope kwenye mifuko ya plastiki, akalipeleka maabara.

Majibu yakaja kwa barua ya bosi wake, Dokta Mdoe, ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Ni kutu ya kawaida, ilisema, hakuna kijani wala bluu, na maelezo ya mchimbaji ni ya kufikirika. Watu wakacheka. Jamani, niliumia. Wiki ileile wawili waliokuwa wamemwita wakampa kazi mtu mwingine. Nasinkoi hana shamba, na ng'ombe wake waliisha kwa ukame. Kuaminiwa ndiko kulikokuwa kunamlisha. Hakulia, alikasirika, na mimi nikamsaidia kukasirika.

Upendo aliporudi kuomba radhi, Nasinkoi alimwambia tope lile halitaki kuona hewa hata kidogo. Akashuka shimoni na kibuyu kipya, akakizamisha majini, akakijaza tope hukohuko chini mpaka mapovu yakaisha, akakiziba kikiwa bado ndani ya maji. Kisha akakipaka nta ya nyuki kote. Upendo akakitia kwenye sanduku la barafu, tukamsindikiza Segera kupanda basi.

Nilikuwa sokoni Korogwe Upendo aliponipigia simu. Alinieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto, na nikaelewa. Mashine yao hukipiga chuma kilichomo kwenye tope kwa mionzi, halafu husoma mistari ya majibu yake. Safari hii mistari ilionyesha chuma cha hali mbili kikikaa pamoja, kimoja kimeshashikwa na hewa, kingine bado, na mchanganyiko huo ndio unaotoa kijani kile. Tena kutu waliyoipima mwanzo ilikuwa na dalili za sumaku hata kwenye joto la kawaida, ila tope la kwenye kibuyu lilitulia tu bila dalili hizo, mpaka walipolipoza kwa baridi ambayo hata kule juu mlimani Lutindi haijawahi kufika. Hapo ndipo chuma chake kikajipanga kuwa sumaku, ishara kwamba si kutu ya kawaida. Dokta Mdoe alirudia kipimo mara tatu, kila mara jibu lilelile. Nikapiga vigelegele katikati ya magunia, wateja wakadhani nimechanganyikiwa.

Dokta mwenyewe akaja, na mfuko wa sukari mkononi. Alitaka yaishe kimyakimya, amwombe radhi nyumbani kwake kisha aondoke. Nasinkoi alimkaribisha kiti, akampa maziwa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hukunikosea hapa nyumbani, Dokta," alimwambia. "Ulinikosea mkutanoni."

Mkutano ukaitishwa, safari hii kando ya shimo. Nasinkoi akashuka, ndoo ikapanda, na tope lilikuwa la kijani, wote tukaliona. Dokta Mdoe alilishika mkononi mpaka likageuka rangi mbele ya macho yake. Akasimama na mikono yake michafu.

"Mama huyu alisema kweli tangu siku ya kwanza," alisema. "Asiyejua nilikuwa mimi."

Nasinkoi alijifunika uso kwa shuka lake akalia, mara ya kwanza kumwona akilia. Watu wakaanza kumzonga, huyu anataka kisima, yule anataka kisima. Nikawapanga foleni mwenyewe, na wale waliocheka sana nikawaweka nyuma.