Vifuko Vinene vya Kona ya Kushoto

Oveni ya Fundi ilikuwa na kona moja yenye hasira. Kona ya nyuma, mkono wa kushoto, iliunguza kila kilichowekwa pale, huku kona tatu nyingine zikioka kwa adabu zao. Mumewe, enzi za uhai wake, aliahidi kuirekebisha Jumamosi, na Jumamosi hiyo ilisogezwa mbele kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mwanamume mwema, lakini kwa ahadi za Jumamosi hakuwa na mpinzani. Fundi akachoka kungoja, akabuni njia yake mwenyewe. Katika kila trei, vipande vinne vya kuwekwa kona ile alivitengeneza vinene maradufu, ili moto ule mkali upate cha kufanya. Vyote vikaiva sawasawa.

Hilo jina la Fundi alipewa na mtaa, kwa kuwa alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na hata wakwe zake wakalichukua. Lakini siku moja kwa mwaka cherehani ilifunikwa. Ilikuwa sikukuu ya majira ya kuchipua, baridi inapofunga virago na miti inapoanza kuvaa majani, na ukoo mzima wa mumewe ukikusanyika kwa mama mkwe kwa chakula cha mchana. Kabla ya chakula, watu walisimama na vikombe mkononi wakingoja vifuko vyake. Ndivyo walivyoziita zile pai ndogo za chumvi: unga uliokunjwa na siagi baridi, ndani jibini, spinachi na kitunguu kilichokaangwa polepole, ukingo umebanwa kwa uma. Kitu cha kufungulia kinywa tu, ungesema, halafu ungekula cha sita.

Cha kwanza kilikuwa haki ya mama mkwe, na lazima kiwe kinene. Kila mwaka alikiinua juu na kumtania mwanawe: "Ahsante kwa kona yako mbovu, baba. Bila uvivu wako nisingeshiba." Mwana akacheka kuliko wote.

Sasa ulikuwa mwaka wa tano tangu mwana huyo afariki. Hakuacha mtoto ambaye Fundi angemshika mkono na kuingia naye pale akisema, mjukuu wenu huyu hapa. Alichokuwa nacho Fundi ni trei mbili. Kila mwaka, wiki moja kabla ya sikukuu, mama mkwe alimpigia simu: "Mwanangu, vifuko unaleta?" Naye akajibu: "Naleta, Mama." Basi, simu imekatwa. Mazungumzo ya sekunde kumi, lakini aliyangoja mwaka mzima, maana kwa maneno hayo matatu alijua bado ni mtu wa nyumba ile.

Mwaka huu simu haikuita.

Alijipa moyo. Mama amekula chumvi nyingi, alijiambia, pengine amesahau siku. Na kama kungekuwa na neno lolote, wifi yake angemwambia. Wifi huyo, dada wa marehemu, alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, mwenye sauti ya kumfanya mtu aliyevimba shavu aombe radhi kwa kusumbua. Yeye na Fundi walikuwa chanda na pete. Siku za baridi alikuja kwa Fundi Jumapili tatu mfululizo na daftari jipya.

"Wifi, nifundishe vifuko," alisema. "Siku ukiumwa, nani atatuokoa na aibu?"

Fundi alifurahi mno. Akamwonyesha siagi inavyokatwa ikiwa bado ngumu, unga unavyopumzishwa kwenye friji kati ya mkunjo na mkunjo, yai linavyopakwa juu bila kugusa ukingo ili unga usishindwe kufutuka. Wifi aliandika kila kitu, hata idadi ya matundu ya uma. Aliandika pia: vinne vinene. Hakuuliza kwa nini. Fundi naye hakueleza, kwa sababu wakati huo mdomo wake ulikuwa kwenye jambo jingine. Alikuwa akimwambia kwamba asubuhi za baridi vidole vyake vinakakamaa hadi anashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

"Usimwambie mtu," alimwomba. "Fundi akisikika ana vidole vibovu, wateja wanahama."

"Wifi jamani! Mimi tena?" alijibu yule, akampangusa unga shavuni.

Siku tatu kabla ya sikukuu Fundi alipiga simu mwenyewe kwa mama mkwe. Ikapokelewa na wifi.

"Mama kalala. Wewe njoo saa saba, wifi yangu."

"Na vifuko je?"

"Njoo tu, usijisumbue."

Kuna watu ukiwaambia wasijisumbue ndipo wanapoamka alfajiri. Fundi alisukuma unga, akakunja, akabana, akaoka trei mbili, vinene vinne katika kila moja. Akazifunika kwa taulo safi, akavaa gauni lake la kijani, akafika saa saba kasorobo. Alikuta nyumba imejaa. Watoto walikuwa wamekwisha kuchafua nguo, dalili kwamba watu walikuwa pale tangu saa sita. Akatabasamu hivyo hivyo.

Shemeji yake mkubwa alimwona kwanza. "Fundi! Pole na mikono, jamani! Tumesikia. Sasa trei za nini tena? Si ulikuwa upumzike?"

Macho ya Fundi yalikuwa yamekwisha kufika mezani. Pale palikuwa na vifuko. Mkunjo wake, matundu yake, hata ukingo uliobanwa kwa uma ulioinama kidogo kushoto, kama anavyouinamisha yeye. Na katikati ya sahani, vimekaa kama mabwana, vifuko vinne vinene. Akatamani ardhi ipasuke. Alimtazama wifi yake akapata jibu la kila kitu: simu isiyoita, saa isiyo saa, na vidole vyake vilivyotangazwa kwa ukoo mzima. Rafiki yake alikuwa ameichukua siri yake na kuigeuza barua ya kumstaafisha.

"Nilitaka nikupunguzie mzigo tu, wifi," alisema yule mtamu wa mapokezi, akampokea trei na kukimbia nazo jikoni. Aliporudi, vifuko vya Fundi vilikuwa vimechanganywa na vyake katika sinia moja kubwa. Mkono wa nani ulipika kipi, hapakuwa na wa kusema. Fundi alisimama karibu na mlango akishika mkoba kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mama mkwe akaletewa haki yake. Alikiinua kifuko kinene, lakini utani hakuutoa, labda kwa sababu wa kutaniwa hakuwepo. Akauma. Akaacha kutafuna. Akakigeuza chini juu, na Fundi, kutoka mlangoni, akaona tumbo la kifuko lilivyo jeupe. Ndani unga ulikuwa mbichi, unanata meno. Wifi alikuwa na oveni mpya isiyo na kona yenye hasira. Alinakili hata dawa, bila kujua ugonjwa.

Wifi alikitazama kile kifuko, uso ukamshuka, halafu ukapanda tena.

"Hicho kitakuwa cha trei za wifi," alisema polepole, kwa huruma kabisa. "Ndiyo maana niliwaambia. Mikono yake masikini. Msimlaumu."

Damu ilimchemka Fundi. Alifungua kinywa. Neno moja lingetosha: vunjeni vinene vyote tuone. Vyake vilikuwa vyekundu chini, vimeiva hadi moyoni. Lakini hakulitoa, kwa sababu aliona hahitaji. Mama mkwe alijua. Ukoo wote ungeweza kusahau kona ile, ila yeye aliyekula matunda yake miaka yote, na aliyemzaa mvivu wa kuirekebisha, hangeweza. Fundi alimtazama akingoja ile kauli ya sekunde kumi.

Bibi kizee aliutazama unga mbichi. Akamtazama binti yake, ambaye machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. Kisha akakifunga kifuko ndani ya kitambaa cha karatasi, akakiweka kando, akamgeukia Fundi bila kumfikia machoni.

"Pole, mwanangu," alisema. "Mikono ikichoka si aibu. Mwakani wewe njoo ule tu."

Watu wakapumua, vikombe vikalia tena. Shemeji akapitisha sinia. Fundi aliona uchungu mkali kuliko ule wa kwanza, maana wifi alimsaliti kwa siri ya miezi mitatu, lakini Mama alimsaliti mchana kweupe, mbele yake, akijua.

Alikwenda jikoni kuchukua trei zake. Wifi alimfuata, akafunga mlango nyuma yake.

"Wifi, nisamehe. Nilibabaika. Watu wote walikuwa wananitazama." Alijipangusa macho kwa aproni. Halafu, kwa kuwa bado alikuwa na daftari moyoni, akauliza kwa sauti ya chini: "Lakini niambie, nilikosea wapi? Nilifanya kila kitu kama wewe."

Fundi alizipanga trei zake mbili tupu, moja juu ya nyingine, akazifunika kwa taulo.

"Mwakani vyote vifanye saizi moja," alisema. "Vinene ni vya kona ya oveni yangu. Kaka yako aliahidi ataitengeneza Jumamosi."

Akatoka kupitia mlango wa nyuma.