Kadi Iliyofuliwa Pamoja na Aproni

Walimwita Mama Najua, na jina hilo hakulipata bure. Siku mumewe alipopelekwa zahanati kwa maumivu ya mgongo, daktari alimgeukia mgonjwa akamuuliza anaumwa wapi. Mgonjwa akafungua kinywa, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mkewe. Alieleza maumivu yalianza lini, yanashukia mguu gani, na kwamba vidonge vikubwa huyu hamezi, huvificha chini ya mto. Daktari akaandika yote. Mzee wa watu alichomwa sindano akarudi nyumbani, na mpaka leo anaapa kuwa mguu uliotibiwa siyo uliokuwa ukimuuma. Hayo anayasema mkewe akiwa kazini.

Na huko kazini ndiyo usiseme. Alikuwa mlezi katika makao ya watu wazima wenye usonji na ulemavu wa akili, nyumba ndefu ya korido moja, watu tisa, vyumba tisa, na chumba cha kufulia kilichokuwa hakipoi mchana kutwa. Alikuwa hapo mwaka wa kumi na mbili. Wote tisa aliwajua mpaka kucha. Alijua nani anaogopa mvua na nani anakula kijiko kikiwa mkono wa kushoto tu. Walezi wapya walikuwa wakipewa siku mbili za mafunzo na msimamizi, kisha wiki mbili za Mama Najua, na zile wiki mbili ndizo zilizowatoa jasho.

Kipenzi chake alikuwa Meja. Meja hakuwa na cheo chochote, ila alikuwa mrefu, wa miaka thelathini na minne, akitembea kifua mbele na mikono mgongoni kama ofisa anayekagua gwaride, basi jina likamganda. Meja hasemi kwa mdomo. Anasema kwa kadi. Kiunoni ana pete ya chuma yenye kadi ndogo za picha, kila moja imewekewa plastiki: kikombe, choo, kitanda, kiatu, mashine ya kufulia. Akitaka kitu anakushikia kadi yake mbele ya pua na kukuangalia sikio, maana macho haangalii. Asubuhi hukunja mashuka ya nyumba nzima, pembe kwa pembe, na ole wako uguse rundo lake.

Basi mwaka huo ikaja habari iliyomweka Mama Najua roho juu. Mitaa miwili mbele ilikuwa imepatikana nyumba ndogo ya watu watatu. Wangeishi kama watu wengine wanavyoishi, wapike wenyewe, wafungue mlango wenyewe, na mlezi awasaidie pale wanapokwama. Kila mmoja wa wale tisa angefanyiwa tathmini, na jina la Meja lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

"Meja aende wapi?" alimwambia mpishi huku akimenya vitunguu visivyomhusu. "Nani atajua akiinamisha kichwa anataka nini? Watamuua kwa kutojua."

"Kwani akifika huko kadi zitaacha kusema?" mpishi akauliza.

"Wewe pika."

Hakuwa na hasira na mpishi. Alikuwa anaogopa. Watoto wake walishakua wakaenda zao, mumewe alishazoea kunyamaza, na huyu Meja ndiye mtu pekee aliyekuwa akimsubiri mlangoni kila asubuhi. Akiondoka Meja, aende kazini kumfuata nani? Hilo hakumwambia mtu.

Aliyekuja kufanya tathmini alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa koti, na kabla hajamaliza korido walezi walishambatiza Bibi Kalamu. Aliketi na Meja kwenye meza ya chakula. Mama Najua akaketi katikati yao, ingawa hakuna aliyemkaribisha.

"Meja, chai unapenda na maziwa?"

"Maziwa yanamvuruga tumbo," akasema Mama Najua.

"Na chumba chako unakionaje?"

"Anakipenda. Kiko nyuma, kimya, dirisha linatazama tangi la maji. Kelele hawezi kabisa huyu."

"Na marafiki je, Meja?"

"Mimi."

Swali la sita, Bibi Kalamu alifunika kalamu yake taratibu. "Meja ana bahati, ana msemaji," alisema. "Sasa naomba msemaji apumzike kidogo." Mlezi mmoja kijana aliyekuwa akipangusa madirisha alilazimika kugeukia ukuta ili asionekane anacheka.

Kisha Bibi Kalamu akamwomba Meja amwonyeshe kadi zake. Meja akaivua pete, jambo ambalo hakuwa akimfanyia kila mtu, akazipanga mezani kwa mistari iliyonyooka. Zilikuwa thelathini na moja. Bibi Kalamu akazitazama kutoka juu hadi chini, akarudia tena.

"Mama, ya kukataa iko wapi?"

"Ya kukataa nini?"

"Chochote. Sitaki. Acha. Sioni hata moja hapa."

"Haihitaji," Mama Najua akajibu, na kichwa kikainuka kwa fahari. "Meja hakatai kitu. Nyumba nzima hii hakuna mtu mpole kama yeye."

Maneno yalipotoka ndipo aliposikia alichosema. Maana kadi hiyo ilikuwepo. Ilikuwa na picha ya kiganja kilichonyooshwa na mstari mwekundu katikati. Mwaka wa kwanza wa Mama Najua kazini, Meja aliitumia kugomea kuoga siku nne mfululizo, na yeye, ambaye alikuwa mgeni na alitaka kuonekana anaweza kazi, aliichomoa kwenye pete akaitia mfukoni mwa aproni. Kwa muda tu, alijiambia, mpaka aoge. Enzi hizo kadi zilikuwa karatasi tupu, bado hazijawekewa plastiki. Aproni ikaenda kwenye mashine ya kufulia, na kadi ikatoka donge la kijivu. Alicheka akalitupa. Kutengeneza nyingine alikusudia kesho yake, na kesho hiyo ikawa miaka kumi na mmoja.

Bila kadi ile Meja akatulia. Msimamizi akamsifu mlezi mpya mbele ya kikao kizima, watu wakapiga makofi. Na zile siku ambazo Meja alikaa sakafuni mlangoni mwa chumba cha kufulia akijing'ata kifundo cha mkono mpaka kinaacha alama, Mama Najua aliandika kwenye daftari la zamu kwa mwandiko wake mzuri: Leo kaamka vibaya. Labda joto. Aliyaandika hayo hata miezi ya baridi.

Angeweza kujitia hamnazo. Nani angejua? Lakini mwanamke huyu, pamoja na mdomo wake wote, hakuwa mwongo.

"Niliitoa mimi," akasema. "Ilipofuliwa sikuirudisha."

Bibi Kalamu hakumgombeza. Pengine angemgombeza ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Tutengeneze nyingine leo," na wakaitengeneza hapo hapo mezani, na Meja mwenyewe ndiye aliyeuchora mstari mwekundu. Aliuchora mara tatu, ukawa mnene kuliko picha.

Siku zilizofuata nyumba haikulala njaa lakini ilikula jeuri. Meja alikataa chai. Akakataa ganda la mkate. Akalikataa sweta la bluu ambalo Mama Najua alimfumia kwa mkono wake na kumvalisha misimu sita. Asubuhi ya pili, Mama Najua alipoingia chumbani huku akiimba, kama alivyoimba kila asubuhi miaka yote hiyo, kadi ikainuliwa kabla hajafika kwenye kiitikio.

Mpishi aliposikia alicheka mpaka akakalia kreti ya vitunguu. "Hata kwaya imekataliwa?"

"Cheka. Kesho ni zamu ya maharage yako."

Na kweli, kesho yake maharage yakakataliwa, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo Mama Najua alikula akashiba. Ila usiku huo, kabla ya kuondoka, aliketi na daftari la zamu akakuta hana la kuandika kuhusu kifundo cha mkono. Siku tatu Meja hakujing'ata. Akaliandika hilo, kisha akalisoma tena na tena mpaka mlezi wa zamu iliyofuata akamwomba daftari.

Juma lililofuata wakaenda kuiona nyumba ndogo: Meja mbele na mikono yake mgongoni, Bibi Kalamu na Mama Najua nyuma. Siku moja kabla yake Mama Najua alikuwa amepeleka barua ya kuomba kazi huko huko. Kama Meja lazima ahame, basi na yeye ahame, mambo yaishe. Lakini njia nzima aliomba kimoyomoyo Meja afike, atazame, na ainue ile kadi yenye mstari mnene.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Cha nyuma kilikuwa kimya, chenye kivuli, na Mama Najua akasimama mlangoni pake akitabasamu. Meja alikipita kama hakukiona. Akaingia cha mbele, kilichotazamana na karakana ya kuchomea vyuma, ambako watu wawili walikuwa wakigonga geti jipya kwa nyundo utadhani limewakosea. Meja akajilaza kwenye godoro tupu, akafumba macho, akasikiliza. Kila nyundo ilipopiga, vidole vyake vilipiga nayo. Kisha akainua kadi ya kitanda.

"Huyu kelele ha..." Mama Najua alianza, akameza iliyobaki.

Bibi Kalamu akaandika chumba cha mbele. "Limebaki moja," alisema. Katika nyumba ile utaratibu ulikuwa kwamba mlezi hapangwi mpaka wanaoishi humo wamkubali. Akatoa mkobani picha ndogo ya Mama Najua, ile ya kitambulisho cha kazi, akaiweka kwenye godoro karibu na mkono wa Meja. "Meja, huyu aje kufanya kazi hapa kwako?"

Meja akaketi. Akaitazama picha. Akalitazama sikio la Mama Najua kwa muda mrefu, bila chuki yoyote, kisha akaanza kupitisha kadi moja moja kwenye pete, hana haraka. Mama Najua alikuwa akizifahamu zote kwa kingo zake. Aliiona inakuja kabla haijafika.

Kiganja kilichonyooshwa, mstari mwekundu.

Ng'ambo ya barabara waligonga mara nne, tano. Mama Najua aliumia, tena aliumia kweli, na machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa.

Bibi Kalamu naye alikuwa binadamu. Akasogea karibu, akashusha sauti. "Mahali ni pageni kwake. Inawezekana hajaelewa swali. Naweza kupaacha hapa wazi tumuulize tena mwezi ujao. Wewe unamfahamu kuliko sisi sote. Unasemaje, ameelewa au hajaelewa?"

Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Angetikisa kichwa tu ingetosha, na hakuna mtu hata mmoja katika makao yale ambaye angethubutu kumbishia.

Alipangusa uso kwa kiganja.

"Ameelewa," akasema. "Andika alivyojibu."

Akasubiri mpaka imeandikwa. Kisha akamgeukia Meja, akamuuliza kama anataka abaki kidogo au amwache peke yake, na akasimama pale mlangoni akingoja jibu.