Kijiti cha Mama na Mtambo Ulionyamaza

Nakumbuka siku moja, na ningependa kuisahau ila majirani hawaniruhusu, niling'oa kijiti cha mama pale ukingoni mwa mto nikakifungia nyaya za mtambo wangu. Hilo ndilo kosa. Nimelitaja mapema ili usije ukalisikia kwa wengine likiwa limetiwa chumvi. Chumvi yenyewe utaikuta huko mbele.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa nina miaka kumi na saba na ndevu nne, na zote nazijua kwa majina. Wewe umeingia klabu yetu ya sayansi juma lililopita na tayari nimekuona umebana transista kwa meno. Kwa hiyo mimi ni mzee wako. Itoe mdomoni, ukae, unisikilize.

Huku kwetu Idsowe mto unaweza kukujia bila tone la mvua kuanguka. Jua linawaka, mbuzi wanagombania kivuli, kumbe huko bara imenyesha siku nzima na maji yako njiani. Ndiyo maana msimu ukifika mama huchomeka kijiti pale maji yanapoishia, kisha huenda kukitazama asubuhi, mchana na jioni. Maji yakikipita, anapiga ukelele, majirani wanakuja, na shamba linavunwa kabla mto haujajivunia wenyewe. Alifundishwa na bibi, na bibi alifundishwa na mamake. Hakuna betri humo.

Mwaka huo mistari minne iliyo karibu kabisa na maji ilikuwa ya mbegu ya bibi. Ni mahindi mafupi, yana punje nyeupe na nyekundu zilizochanganyika, na kijijini hakuna mwingine aliyebaki nayo. Bibi alimwachia mama kibuyu kimoja alipokuwa anatuaga. Mama huyapanda pale ukingoni kwa sababu udongo wa pale ni mtamu. Ilikuwa imebaki wiki moja yakauke vizuri.

Mimi nami nilikuwa nimesoma mchoro mmoja wa saketi na kichwa kikavimba. Nilitoa transista kwenye redio iliyokufa, nikatoa king'ora kidogo kwenye saa ya mezani, nikaunganisha na betri, nikichomelea kwa msumari uliopashwa kwenye makaa. Kazi yake ni rahisi: nyaya mbili zinakaa wazi, maji yakizigusa zote mbili, umeme kidogo unapita ndani ya maji, unaiamsha transista, nayo inakiamsha king'ora. Nikatafuta maji ya kujaribia. Karibu nami palikuwa na beseni la maji ya chumvi ambamo mama alikuwa ameloweka kambare wa kukausha. Nikatumbukiza nyaya. Piiiii! Kuku walitawanyika, mama akaangusha mwiko.

"Umeona, mama? Sasa kijiti kipumzike."

"Kijiti hakijawahi kuchoka," mama alisema, akaokota mwiko wake.

Jumamosi yake alikuwa anakwenda Minjila kumwona dadake aliyejifungua. Akasimama mlangoni na kikapu. "Jilo, utauangalia mto?"

"Nenda tu, mama. Mtambo hausinzii."

"Sikuuliza habari za mtambo. Nimekuuliza wewe."

Nikamwambia ndiyo. Alipoondoka nikashuka ukingoni, nikahitaji mti ulionyooka wa kufungia nyaya, na wa karibu kabisa ulikuwa kijiti chake. Nikaking'oa, nikafunga nyaya, nikakirudisha mbele kidogo ya mahindi, mahali palipoipendeza saketi yangu. Halafu nikavua ndara, nikapanda kwenye dungu, kile kichanja chetu cha kulindia ndege wa mpunga, nikaweka king'ora karibu na sikio. Mtambo hausinzii, sivyo? Basi nikasinzia mimi kwa niaba yake.

Kilichoniamsha ni ukimya wenye maji ndani yake. Nilipochungulia chini, ndara ya kulia ilikuwa inazunguka kwenye nguzo ya dungu. Ya kushoto ilikuwa imeshaanza safari ya Kipini, kule mto unakoingia baharini. Maji yalikuwa yamefika magotini mwa mahindi. Nyaya zangu zimezama kabisa, na king'ora kimetulia kama mgeni aliyeshiba.

Nililia mimi badala yake. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu Mama Maro, amejifunga leso kiunoni, na mdomo wake ulifika kabla ya miguu. "Injinia! Mtambo umesemaje?" Lakini mikono yake ilikuwa inakonyoa mahindi huku akinicheka. Watu wakajaa. Mistari miwili mto ulikuwa umeshailaza, mahindi yanapita mbele yetu tunayaona. Kwenye miwili iliyobaki tulipata beseni moja.

Mama alirudi kwa bodaboda, akatukuta matope yametufika viunoni. Nilikuwa nimeshatayarisha uongo wa aina tatu. Aliniuliza, "Wewe uko mzima?" na uongo wote ukayeyuka. Nikamwambia kila kitu, hadi kijiti. Aliyabeba yale mahindi ya bibi jikoni, akayavuta maganda nyuma bila kuyang'oa, akayafunga mafungu, akayatundika juu ya meko yapate moshi na kukauka. Alipomaliza akasema, "Mtambo wako unaumwa. Jumatatu ukitoka shule uupeleke kwa Fundi Godana."

Ningefurahi zaidi kama angenichapa.

Fundi Godana hutengeneza redio na simu pale Garsen, na huongea kama mtu anayenunua maneno. Nilimwekea mtambo mezani. Hakuugusa.

"Mto uko wapi?" akaniuliza.

"Mto uko mtoni, mzee."

"Basi umeleta nusu ya mgonjwa. Nenda lete nusu ingine."

Sikudhani ana maana hiyo. Alikuwa na maana hiyo hiyo. Nikapanda baiskeli hadi mtoni, nikarudi na chupa ya maji ya tope, jasho linanitoka mpaka kwenye zile ndevu nne. Akaanza na betri, akaigusa kwa mita: nzima. Akafuata waya: mzima. Transista, king'ora, akivipima kimoja kimoja jinsi umeme unavyotembea, haruki hata hatua moja. Vyote vizima. Akamimina maji ya mto kwenye kikombe, akatumbukiza nyaya. Kimya.

"Nyumbani ulijaribu na maji gani?"

"Ya beseni."

"Beseni la nini?"

"La... kambare."

Akavuta kopo lake, akachota chumvi kwa vidole viwili, akaitia kikombeni. Piiiii! Mteja mmoja aliyekuja na simu aliruka hadi mlangoni.

"Wallahi, kijana," Fundi Godana alisema, na ndiyo mara ya pekee nimemwona akicheka, "umemtengenezea mama yako kengele ya mchuzi."

Kisha akanieleza. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi. Maji ya mto hupitisha kidogo sana, na transista yangu moja haikutosha kukikuza kile kidogo mpaka king'ora kiamke. Akaniongezea ya pili, ya kwanza iisukume, nayo ikisukume king'ora. Safari hii maji ya mto pekee yalitosha, tena tulibadilisha kikombe ili chumvi isitudanganye. Aliponirudishia, aliushika mkono wangu kidogo. "Usiniambie umejaribu. Niambie umejaribu wapi. Na kijiti, nani alikuambia kitolewe?"

Nikaufunga mtambo kwenye baiskeli, nikarudi nyumbani.

Sasa mwanangu, mwalimu wetu wa Kiswahili akisema "usiache mbachao kwa msala upitao", mimi zamani nilikuwa nachora kibonzo chake. Siku hizi natikisa kichwa kwanza, ndipo nachora. Jenga unachotaka. Unguza transista, sote tumeunguza. Ila mtambo wako ujaribu mahali utakapofanyia kazi, si mahali ulipokaa wewe kwa raha zako. Ukinyamaza, usianze kung'oang'oa kila kitu kwa hasira. Anza kwenye betri, ufuate umeme pole pole, mwenda pole hajikwai. Na kile cha wazee ulichokikuta kinafanya kazi, kiache palepale mpaka chako kithibitike. Hata kikithibitika, kiache. Hakili chakula chako. Na mama akikuuliza utaangalia, jua kwamba ameuliza macho yako.

Yale mahindi ya beseni tuliyapanda maji yalipopungua. Hayakuota yote, lakini mistari minne ilisimama tena, punje nyekundu kwa nyeupe, na mmoja nimeupalilia mimi mwenyewe bila kuambiwa, jambo ambalo Mama Maro bado anaulizia kama niliumwa.

Basi Mungu akupe betri isiyokufa njiani, mikono isiyotetemeka, na mtu wa kukucheka huku anakusaidia. Uishi hata uote ndevu nyingi kuliko zangu. Nakuachia na maneno ya mama, jinsi alivyoyasema jioni ile niliporudi kutoka Garsen na mtambo uliopona. Alikuwa amekaa jikoni chini ya yale mahindi ya bibi, anachonga kijiti kipya kwa kisu. Akanipa.

"Simika hiki kwanza, Jilo. Halafu usimike hicho chako kando yake, visaidiane. Kikilia, nitakuja. Kisipolia, nitakuja vilevile, nione kama umelala."