Ufunguo Uliompeleka Fundi Mahabusu

Saa tatu asubuhi, Fundi Tupa amebana ufunguo kwenye jiliwa na anaukwangua taratibu, jicho moja amelifumba. Vumbi la shaba linamwangukia magotini. Akimaliza, anauchanja mikato mitatu midogo shingoni, mfano wa chale.

"Bado tu unaweka hiyo alama?" mkewe anauliza kutoka kwenye benchi. "Sikio la kufa hilo, baba watoto!"

"Sikio ni langu, mama watoto. Wewe linakuuma nini?"

Kwa miaka ishirini na miwili amechonga funguo katika kibanda hiki cha mabati, na mikato hiyo, aliyorithi kwa mjomba aliyemfundisha kazi, iko kwenye kila mmoja. Ndiyo jina lake. Ndiyo pia iliyomponza.

Mwaka jana duka la vitambaa la mtaa wa pili liliibiwa bila mlango kuvunjwa. Askari wawili wasio na sare walimfuata kibandani, wakampakia garini bila kumwambia kosa lake. Kituoni, mmoja akaweka mezani ufunguo uliokutwa mlangoni mwa duka lile.

"Mzee, kazi nzuri hii. Ni yako?"

Mwingine angetafakari kwanza. Yeye aliuinua kwenye mwanga, akaiona mikato yake, moyo ukamjaa. "Yangu kabisa, afande! Nani mwingine hapa anaweza kulainisha meno namna hii?"

"Nilidhani ananisifu," anasimulia. "Kumbe najifunga kamba mwenyewe."

Hakuna aliyemwambia kwamba ana haki ya kunyamaza, wala kwamba anaweza kumwita ndugu au wakili kabla ya kuhojiwa. Maelezo yaliandikwa, hakusomewa. Akaambiwa, "Tia sahihi uende nyumbani." Alitia. Nyumbani hakwenda.

Karatasi ile ilisema alichonga ufunguo huo akijua ni wa wizi.

"Mteja akija namuuliza anataka funguo ngapi," anasema. "Simuulizi anakwenda kufungua wapi. Ningejuaje?"

Alikaa mahabusu siku nne, kupita muda ambao sheria inaruhusu mtu kushikiliwa bila kufikishwa mahakamani. Anasema alikuwa na sala moja tu: "Ee Mungu, nifunge mdomo huu, umeniponza."

Mkewe alipeleka chakula kila siku na kila siku alirudishwa langoni. Siku ya nne alimwangukia kwa kilio mwanamke aliyepita na mafaili kwapani. Alikuwa wakili wa msaada wa kisheria.

"Sikujua ni wakili," mkewe anasema. "Nilimlilia kwa sababu ndiye wa kwanza kunisalimu. Mungu alimpitisha pale."

Kesho yake fundi alifikishwa mahakamani, akapata dhamana. Lakini kesi ipo, na kati ya funguo ishirini alizokuwa akichonga kwa siku, sasa zimebaki sita.

Keshokutwa hakimu ataamua kama maelezo yale yapokelewe au yakataliwe. Yakikataliwa, wakili anasema, mashtaka hayana mguu wa kusimamia. Yakipokelewa, fundi anaweza kufungwa.

Mkewe anataka aache mikato. Fundi anatikisa kichwa.

"Wakili kanifundisha: niulize kosa langu, ninyamaze mpaka afike, nisitie sahihi nisichosomewa. Hayo nimeyashika. Kuikana kazi yangu hakunifundisha." Akitoka salama, anakusudia kumwomba wakili aje azungumze na mafundi wote wa mtaa, mmoja mmoja kibandani kwake.

Mteja, mama wa makamo, anapokea ufunguo wake na kuugeuzageuza. "Kazi nzuri, fundi. Ni yako mwenyewe?"

Fundi anafungua mdomo. Mkewe anakohoa. Fundi anaufunga.

"Kwanza niambie, dada," anasema, "wewe ni mteja, au nimwite wakili?"

Wote watatu wanacheka mpaka benchi linalia. Kisha fundi anapangusa vumbi magotini, anaitazama tena mikato yake mitatu.

"Ndiyo, dada," anasema. "Ni yangu."