Kwenda India Kutafuta Wanyama

Gari tulilokodi Delhi lilinukia waridi. Halikuwa waridi la bustanini, lilikuwa waridi la kopo, ambalo dereva alilipuliza kila asubuhi kwenye viti na mazulia kabla hatujaingia, kisha akafunga madirisha ili lisitoroke. Hadi leo nikipanda teksi ya Brampton, huku Kanada, yenye harufu ile hushusha kioo cha dirisha, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi, huanza kujiuliza kama dereva ameniona nikikunja uso, kama atadhani namdharau, kama nimweleze kwamba ninachokidharau ni likizo moja ya Machi ya utotoni mwangu. Mpaka nipange maneno, tumeshafika. Nashuka na kichefuchefu changu na kwenda zangu.

Wakati huo tuliishi Crescent Town, ghorofani, kwenye korido iliyokusanya harufu za vitunguu vya nusu ya dunia. Baba alifanya kazi kwenye ghala kule Brampton na mama alihudumia wazee katika nyumba yao ya matunzo. Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu Elia ana saba. Siku moja, watu walipokuwa wakinywa chai baada ya ibada ya Kiswahili, baba alitangaza kwamba likizo ya Machi familia yake itakwenda kutembea India: miji ya kale, majumba ya wafalme, hifadhi yenye simbamarara. Watu walimpongeza. Hakuna aliyeuliza kwa nini mzaliwa wa Moshi, ambaye hajawahi kukanyaga Serengeti wala Ngorongoro, avuke nusu ya dunia kutafuta wanyama kwa Wahindi. Baba alikua akiwaona Wazungu wakipita barabara ya kwao kwenye magari yenye paa la kufunguka, na nadhani aliamini kwamba kutazama wanyama ni kazi ya mtu aliyetoka mbali. Sasa na yeye alikuwa ametoka mbali.

Hatukuwa tunakwenda kutembea. Bibi, mama yake mama, alikuwa na tatizo la moyo, na madaktari wa kule nyumbani Moshi walikuwa wamempa rufaa ya kwenda kufanyiwa upasuaji Delhi. Mjomba ndiye angemsindikiza. Lakini kwetu ugonjwa hautangazwi mpaka umekwisha, kwa uponyaji au kwa matanga. Ukitangaza mapema, walisema wazazi wangu, simu hazitakoma, kila mtu atakuja na unabii wake na dawa yake, na mgonjwa atachoka kabla ya kisu. Kwa hiyo ugonjwa ukavalishwa nguo ya utalii. Na baba, ambaye hakuwahi kufanya jambo nusu, akaona kwamba uongo usio na picha si uongo kamili. Akanunua safari nzima: Delhi, Agra, Jaipur, na mwisho hifadhi moja ya Rajasthan. Mama angebaki Delhi kumpokea Bibi. Sisi tungezunguka wakati Bibi anapimwa, turudi kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Bibi alikuwa ameomba jambo moja tu. Alitaka kutubariki kabla hajalazwa kwenye kitanda cha upasuaji: ateme mate kidogo kiganjani na kutupaka kwenye paji la uso, kama wazee wa kwao wanavyofanya. Hakuwahi kutuona ana kwa ana, mimi wala Elia, na hakuwa na hakika kwamba ataamka. Alipoambiwa kwenye simu kwamba kwanza tutapita kuangalia wanyama, alimwambia mama, "Waambie kama ni wanyama waje huku wanifukuzie ngedere shambani." Mama alicheka alipotusimulia. Baba hakucheka.

Basi tukazunguka. Huko Delhi tulipitishwa ndani ya ngome kubwa nyekundu na mwongoza watalii aliyeimba majina ya wafalme kwa sauti ya kondakta anayetaja vituo, bila kutofautisha aliyejenga na aliyebomoa. Kila alipomaliza aliuliza kama tuna swali, na baba kila mara alikuwa na swali, lile lile: jengo hili ni la zamani kiasi gani? Akijibiwa aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyekuwa na shaka na sasa ameridhika. Jaipur alivalishwa kilemba cha rangi ya machungwa, akapandishwa juu ya tembo aliyechorwa maua usoni, akapelekwa mlimani kwenye kasri kwa mwendo wa foleni. Tembo wale walitembea kama wafanyakazi wa zamu ya mwisho. Kuna picha ya baba juu ya mmoja wao, ameinua mkono kama kiongozi anayeaga umati, na nyuma yake Elia amefumba macho kwa hofu. Baba aliipenda sana picha hiyo. Hofu ya Elia hakuiona.

Agra ndiko nilikojifunza kudharau. Tulisimama mbele ya Taj Mahal pamoja na maelfu ya watu, kila mmoja akinyoosha vidole hewani ili kwenye picha aonekane ameshika ncha ya kuba, mwongozaji akatusimulia jinsi mfalme alivyomjengea mkewe aliyefariki kaburi lile. Macho ya baba yalilowa. "Huyo ndiye mume," akatuambia. Niliyatazama yale mawe meupe, mazuri kwa kweli, nikamfikiria mama, aliyekuwa wakati huo huo amekaa kwenye stuli ya hospitali akimsubiri mama yake atoke kupigwa picha ya kifua. Nikajiuliza mke yule wa mfalme angependelea nini, kaburi au mtu wa kukaa naye. Tangu utoto nina kipaji cha kuwaza jambo mpaka nafasi ya kulisema ipite.

Hifadhini tulifika tayari kila mtu amechoka isipokuwa baba. Asubuhi tuliingia kwenye gari la wazi pamoja na familia moja ya Waingereza waliovaa rangi ya vumbi kuanzia kofia hadi soksi, kana kwamba simbamarara huangalia mavazi kwanza. Tuliona tausi, paa wenye madoa, nyani wakitoana chawa. Waingereza walipiga miayo. Mwongozaji akasema simbamarara hakuwa na hamu ya kuonekana asubuhi hiyo, lakini jioni ni lazima. Mpango wetu ulikuwa tuondoke mchana ule ule kurudi Delhi. Dereva alimkumbusha baba, kwa adabu, kwamba njia ni ndefu. Baba akamwambia hatukuja kutoka Kanada kuangalia paa. Tungelala pale, tuondoke kesho alfajiri. Upasuaji ulikuwa keshokutwa, muda ulikuwepo.

Muda haukuwepo. Mgonjwa aliyekuwa mbele ya Bibi alipata homa, daktari akamsogeza Bibi hadi kesho yake asubuhi. Mama alipiga simu mchana kutwa, na simu ya baba ilikuwa imezimwa mfukoni tangu asubuhi, kwa sababu ndani ya hifadhi tuliagizwa kuzima simu tusimkere simbamarara. Na simbamarara tulimkuta. Alikuwa amelala nyuma ya kichaka, amezungukwa na magari yanayosukumana kama sokoni, watu wazima wamesimama juu ya viti, madereva wakigombana kwa kunong'ona. Baba alimnyanyua Elia mabegani. Kilichoonekana kati ya majani kilikuwa sikio moja. Lilitikisika mara chache kufukuza nzi. Baba alipiga picha mpaka filamu ikaisha.

Simu ilipowashwa nilimwona baba akisikiliza, na kwa mara ya kwanza safari ile hakuwa na swali. Tulirudi Delhi usiku ule ule bila kusimama kula, ndani ya lile waridi la kopo. Tulipofika hospitali jua lilikuwa limeshapanda na Bibi alikuwa ameshaingizwa. Mama alikuwa ameegemea ukuta wa korido, kanga ya Bibi imekunjwa mikononi mwake. Mjomba alitusalimia na kugeukia dirishani. Mama alimtazama baba, kile kilemba cha Jaipur kikichungulia kutoka kwenye mfuko wa plastiki alioushika.

"Mlimwona?" akauliza.

Baba alikohoa. "Sikio," akasema.

"Basi na mama yangu ameingia mle ndani hajaona hata sikio lenu."

Baba akakisukuma kile kilemba ndani zaidi ya mfuko.

Bibi alipona. Lakini likizo iliisha kabla hajatolewa chumba cha wagonjwa mahututi, na sisi watoto tulimwona kupitia kioo tu, mipira ya hewa puani, macho yamefumbwa. Alirudi Moshi, akaishi miaka kadhaa akiwafukuza ngedere wake, akafa bila kutupaka chochote kwenye paji la uso. Kwenye maziko mama alikwenda peke yake. Kanisani, mara tu tuliporudi kutoka India, picha za safari zilikuwa zimeshatembezwa mkono kwa mkono, na mtu mmoja aliuliza mbona mama haonekani hata kwenye moja. Baba akasema mama ndiye aliyekuwa mpiga picha. Mama, amebeba sinia la vikombe, akaitikia kwamba ndiyo.

Sasa nina shahada, tumehamia Pickering, na natuma maombi ya kazi ambayo nayasoma mara nyingi mno kabla ya kuyatuma. Watu wa rika langu hawafichi kitu. Binamu yangu alijirekodi akisukumwa kwenda kujifungua, uso umepakwa poda, na nilimdharau yeye pia, kwa kadiri ile ile ninavyowadharau wanaoficha. Dharau ni kazi pekee ninayoifanya bila kusitasita. Halafu mwezi uliopita mama akalazwa kupimwa moyo. Baba akaanza kuwaambia watu mkewe amekwenda Ottawa kutembea. Jumapili Mama Neema, jirani yetu wa zamani wa Crescent Town, mwanamke asiyejua kunong'ona, akaniuliza Ottawa kuna nini wakati huu wa baridi. Kwa mara ya kwanza sikuwaza. Nikamwambia mama yuko hospitali, nikamtajia na wodi.

Jioni ile walijaa kama wazazi wangu walivyotabiri. Walikuja na mahotipoti ya chapati ambazo mgonjwa haruhusiwi kula, wakaomba kwa sauti mpaka nesi akachungulia, na Mama Neema akasimulia habari za shemeji yake aliyekufa kwa tatizo hilo hilo. Walikuwa wapuuzi kabisa. Baba alisimama mlangoni kama mgeni. Mama aliponipata karibu alinivuta mkono.

"Nani amewaambia hawa?"

"Mimi, mama."

Nilianza kupanga maneno ya kujitetea. Kisha akaniambia nimsogezee Mama Neema kiti, maana miguu yake inavimba akisimama sana.