Folda Inayoitwa Mama

Mafundi wa tovuti ni wavivu. Anayebisha hajawahi kukaa chumba kimoja na Chapchap.

Jina alipewa na wateja. Ukimwagiza tovuti asubuhi, jioni unayo. Wala hakuficha anavyofanya: kwenye laptopu yake kulikuwa na folda moja inaitwa Mama, tovuti ya kwanza aliyoitengeneza baada ya kujifunza mwenyewe kwa kuangalia video. Ilipokubali, hakuandika nyingine tena. Kila mteja alizaliwa na Mama. Ananakili, anageuza rangi, anabandika picha, kwisha habari. Seremala alizaliwa humo, chekechea ikazaliwa humo, muuza magodoro naye, hata mkunga wa zahanati ya mtaa wa pili.

Kazi alifanyia chumba cha nyuma cha saluni ya shangazi yake, huyo huyo aliyemlea. Katikati yao ukuta wa mbao tu, kwa hiyo umbea wote wa mbele ulimfikia ukiwa bado wa moto.

Sasa Mama alikuwa anazeeka. Ndani yake tovuti ziliendeshwa na toleo la zamani la PHP, lugha ya kuandikia tovuti, na kila ukifungua ukurasa wa msimamizi unakutana na mstari mwekundu: toleo hili lina matundu, weka jipya. Chapchap alijaribu mara moja, kisanduku cha kutafutia kikagoma, akarudisha la zamani. Kitu kinafanya kazi, unakigusia nini? Halafu seremala akalalamika kwamba ule wekundu unamtia kiwewe. Chapchap akaupaka mstari rangi nyeupe, ukapotea.

Rudia kusoma hapo. Tundu hakuziba. Alichofanya ni kulipaka onyo rangi ya ukuta.

Asubuhi moja seremala akapiga simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu niambie binti, useremala nimeacha lini?"

"Kivipi tena?"

"Mteja kaniuliza bei ya dawa ya kuotesha nywele. Anasema kaiona kwenye tovuti yangu. Na mimi mwenyewe kipara, unanijua."

Chapchap alifungua huku anacheka. Makabati hayapo, vitanda havipo, ni chupa za dawa ya nywele tu zimejipanga. Akazifuta. Zikarudi. Akafuta tena, zikarudi tena, na kicheko kikaisha. Akampigia jamaa anayemkodishia nafasi mtandaoni, wenyewe wanamwita Bwana Seva.

"Unatumia toleo gani?"

Akamtajia.

"Dada, unanitania."

"Linafanya kazi lakini."

"Hata mlango uliooza unafungika. Hilo tundu linajulikana dunia nzima. Mtu anaandika amri kwenye kisanduku chako cha kutafutia, tovuti inamtii kama vile yeye ndiye mwenye nyumba. Na usidhani wamekuchagua wewe. Wana programu zinapita zinabisha hodi kila mlango. Tovuti za namna hiyo unazo nyingine?"

"Zote."

Neno lilipomtoka ndipo akamkumbuka mkunga.

Kwenye tovuti ya mkunga wanawake waliuliza mambo wasiyoweza kumuuliza mtu uso kwa uso. Wanaacha jina na namba, mkunga anawapigia. Juu kabisa palikuwa na maneno aliyoyatunga Chapchap mwenyewe, na aliyaonea fahari: Anayesoma ni mkunga peke yake.

Akafungua. Kila kitu shwari, mtoto mchanga kwenye picha anapiga miayo. Bwana Seva alimwelekeza aandike nini kwenye kisanduku. Amri yenyewe ilikuwa fupi, kama mzaha. Akaandika, akabonyeza.

Ukurasa ukasita kidogo, halafu ukatapika. Majina, namba, maswali. Mume wangu hajui kuwa nilishawahi kuzaa. Niko shule bado na siku zangu zimepitiliza. Ananipiga, mtoto tumboni atadhurika? Nywila hakuwa ameweka. Alikuwa kama mpita njia yeyote, na kila kitu kimeanikwa mbele yake.

Alikuwa anataka kufunga alipoiona namba anayoijua kwa kichwa.

Nina uvimbe kwenye titi, muda sasa. Sijamwambia mtu. Nyumbani nina binti niliyemlea, sitaki kumtisha.

Nyuma ya mbao, shangazi alikuwa anacheka na mteja mpaka anakohoa.

Chapchap akaizima tovuti yote. Na hapa ndipo mafundi wengi huwa mabubu: unaziba kimyakimya, unawasha, nani atajua? Alilifikiria hilo, tusidanganyane. Kisha akavaa viatu akaenda zahanati.

Mkunga alikuwa ananawa mikono. Akamsikiliza mpaka mwisho, maji yanatiririka bure.

"Wameshasoma?"

"Sijui. Mlango ulikuwa wazi, na kwa seremala wameshaingia."

"Wewe uliniambia nasoma peke yangu."

"Ndiyo."

"Na mimi nikawaambia wao." Akafunga bomba. "Nitawapigia mmoja mmoja. Watakaonitukana watanitukana, na wewe utakaa pale kwenye kiti usikie."

"Mmoja niachie mimi."

Mkunga akamtazama, hakuuliza nani. "Nenda. Urudi."

Saluni, shangazi alikuwa amesuka nusu ya kichwa cha mteja.

"Shangazi, naomba tuongee."

"Ongea tu, huyu mwenzetu."

"Chumbani."

Alipouona uso wa Chapchap alichomeka kitana kwenye nywele za mteja na kumfuata. Chapchap akaeleza akiwa amesimama, bila kupamba. Shangazi akakaa mbele ya ile laptopu.

"Kwa hiyo umesoma."

"Nimesoma."

"Na wengine?"

"Huenda."

Shangazi akajifunika kifua kwa mkono, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

"Nisingeandika popote," akasema. "Niliandika pale kwa sababu wewe ndiye uliyepatengeneza."



"Jamani," mteja akaita kutoka mbele, "nusu kichwa hii niende nayo wapi?"

"Nakuja, mama." Shangazi akainuka, akafika mlangoni, akasimama. Hakugeuka. "Huko kwa mkunga unarudi?"

"Narudi sasa hivi."

"Ngoja nimalize kichwa hiki. Tutakwenda wote."