Mjomba Alipokuwa Kuruti

Mjomba wangu sijawahi kumwona akifanya jambo kwa haraka. Ni kaka mkubwa wa mama, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli: shamba la mlimani aligawe yeye, posa ya binti aipokee yeye, mgonjwa apelekwe wapi aseme yeye. Anatembea polepole, anaongea polepole, na ukimharakisha anakutazama mpaka unajiona mtoto wa chekechea. Kwa hiyo Jumamosi ile, alipoinuka ghafla kwenye kochi nyumbani kwetu Kihonda na kusema, "Mimi naingia, kama kufa nife," nilishtuka nikamwaga chai mapajani.

Ulikuwa mchezo tu. Mdogo wangu wa kike anasoma chuo hapa mjini, na huko wenzake walimfundisha mchezo usio na ubao wala televisheni. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu anachukua mhusika wake na kusema atafanya nini. Jambo likiwa gumu unarusha dadu kuona kama bahati iko upande wako. Hadithi yake ilikuwa ya jeshi la miaka mingi ijayo, askari wanaosafiri kutoka sayari hadi sayari ndani ya chombo kikubwa. Vyeo tulipata kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia ya mjomba: Kanali, Sajenti, Kuruti.

Mdogo wangu aliuleta mchezo huo kwa ajili ya mama. Mama ana kisukari, na kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimeanza kuwa cheusi, akawa wa kushinda amekaa. Hospitali walishasema kidole kikatwe, na kikatwe mapema. Mama akajibu kwamba anamsubiri kaka yake. Mjomba akashuka kutoka mlimani na mkungu wake wa ndizi, akakitazama kidole kwa muda mrefu, akasema tusubiri kwanza, inshallah, azungumze na wazee wenzake wa ukoo kule juu. Tangu hapo kila Jumamosi anashuka, na kila Jumamosi bado anazungumza na wenzake. Mimi hasira zangu ziko karibu, nilishafoka mpaka majirani wakajua habari zetu. Mama akaniambia nifunge mdomo, mjomba hajasema.

Basi tukacheza. Mara ya kwanza mjomba aliokota Kanali, mimi Sajenti, mama Kuruti. Ukanali ulimkaa kama kanzu ya kushonewa. Mimi usajenti ulinipanda kichwani, nikawa namkaripia mama yangu mzazi kwa kuchelewa kupanga mstari, na yeye anacheka, "Ndiyo, afande." Mdogo wangu akasimulia kwamba mlango wa chuma umemwangukia askari wetu mmoja chini kabisa ya chombo, kule moto unawaka na hewa inakwisha. Ukiufungua mlango wa juu unaweza kumtoa, lakini moto nao unaweza kupanda. Kanali anaamuaje?

Kanali akaagiza kikao. Kisha akataka ujumbe upelekwe duniani kwa wakubwa zake. Mama, kuruti wetu, akasema taratibu, "Afande, hewa inakwisha," akajibiwa asubiri, na akasubiri. Askari akafa. Mjomba akakubali kwa heshima zote, akasema angalau hakuna atakayesema Kanali alikurupuka. Nilicheka. Hata sikufikiri.

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu akasema atarudia tukio lilelile, ila vyeo vibadilike. Alitaka kuona, maana chuoni wanabishana sana kuhusu hilo: mtu ni yuleyule, mkasa ni uleule, mpe cheo kingine anachagua vingine. Mama akaokota Kanali. Mjomba akaokota Kuruti, akakigeuza kikaratasi huku na huku kana kwamba kimekosewa.

Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Kanali hawezi kumwamrisha kaka yake hivihivi, kwa hiyo kila amri ya mama ilianza na "Shikamoo kaka, naomba, kama hutajali." Kuruti anajibu marahaba kwanza, ndipo anabeba bunduki. Mdogo wangu alikuwa anagaragara kwa kicheko. Halafu mlango ukamwangukia yule askari.

Mama hakungoja aulizwe. "Fungueni," alisema. Na mjomba alikuwa ameshasimama. Naingia, kama kufa nife. Alirusha dadu kwa nguvu hadi ikaenda chini ya kabati, akapiga magoti mwenyewe kuitafuta, mzee yule, na bahati ilikuwa yake. Askari akatoka hai. Mjomba akarudi kwenye kochi anahema, uso umemchangamka, sijamwona hivyo maishani mwangu.

Mdogo wangu akamuuliza bila ubaya wowote, "Mjomba, mbona wiki iliyopita ulimwacha?"

"Ile nilikuwa mkubwa," akasema, bado anacheka. "Mkubwa akikosea anaulizwa yeye, na ukoo mzima. Kuruti anaulizwa nini? Anaona mtu anakufa, anamtoa, basi. Hata huyu mama yenu, mimi ningekuwa mdogo wake, kile kidole ningeshampeleka kikatwe zamani."

Alilisema kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Kisha akalisikia. Nilimwona akilisikia, kicheko kikabaki mdomoni hakina pa kwenda. Siku zote nilidhani hajui. Nilimkasirikia kama unavyomkasirikia mzee asiyeelewa mambo ya hospitali. Kumbe alielewa kuliko sisi sote, akaogopa kuulizwa.

Mama alikuwa bado ameshika kikaratasi chake. "Kumbe unajua, kaka," alisema. "Unajua, na mimi nakaa hapa naoza, nakuheshimu."

Nilitaka kumrukia mjomba, Mungu anisamehe. Mdogo wangu alianza kulia, akisema ni mchezo tu, jamani, ni mchezo tu. Mama akamwambia akusanye vikombe.

Jumatatu asubuhi tulikuwa hospitali, wote wanne, kwa sababu mjomba alikataa kurudi mlimani. Daktari akafungua bendeji, akabonyeza juu ya kifundo cha mguu, akabonyeza tena juu zaidi. Akasema kidole peke yake hakitasaidia tena. Akaweka kiganja chake chini kidogo ya goti la mama kutuonyesha pa kukatia. Niliangalia kile kiganja, nikashindwa kuelewa ni mguu wa nani unaozungumzwa.

Mjomba akavua kofia, akakohoa. Akaanza kumweleza daktari kwamba yeye ndiye mkubwa wa familia, na kwamba kwa upande wake sasa amekubali.

"Hujaulizwa, kaka," mama alisema, bila kumgeukia. Akamuuliza daktari wataanza saa ngapi.